Minyororo Miwili ya Nachingwea

Kwa watu wa visiwani mlima ni habari ya bara. Kilele cha Unguja ni Masingini, nacho hakifiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari. Pemba ina vilima na mabonde tele, lakini hakuna kilima chake kinachomlazimisha mpandaji kupumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Ndiyo maana msomaji wa pwani akikuta maandishi juu ya utafiti wa mazingira ya milimani huyapitia upesi, kama mtu anayekatisha mtaa usio wake. Makala haya yanamwomba asimame kidogo. Yanahusu nchi iliyo nyuma ya Lindi, baina ya bonde la mto Lukuledi na bonde la mto Mbwemkuru, ambako leo kuna wilaya mbili jirani, Nachingwea na Ruangwa.

Akiuliza nchi hiyo inamhusu nini, jibu la kwanza limo katika jina. Mwaka 1983 mtaalamu wa mimea Frank White, katika maelezo ya ramani ya uoto wa Afrika iliyotolewa na UNESCO, aliuita ukanda wa mimea ya pwani yetu kwa jina la Zanzibar na Inhambane, yaani tangu visiwa vyetu hadi mji ule wa Msumbiji. Mwaka 1998 mtaalamu mwingine, G. P. Clarke, akaupanga upya ukanda huo na kuipa sehemu yake ya kaskazini jina la Kiswahili: kwa lugha ya sayansi, mimea ile sasa ni mimea ya Uswahilini. Miongoni mwa vitovu vya utajiri wake ni nyanda za juu za nyuma ya Lindi. Basi kuna Uswahili wa watu, na kuna Uswahili wa miti, nao huu wa pili umepanda hadi kwenye vilima ambavyo wengi wetu hatujavikanyaga.

Nchi yenyewe haina milima mirefu. Upande wa mashariki umeinuka uwanda wa Rondo, ambao wenyeji wengi ni Wamwera, na kimo chake hukaribia mita 900. Kusini, ng'ambo ya Lukuledi, umeinuka uwanda wa Wamakonde. Kuelekea magharibi ardhi inashuka na kulala, na juu yake yanachomoza majabali ya mawe matupu, moja hapa, jingine kule, kama visiwa katika bahari ya miombo. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi ya ukavu hufuata, majani yakakauka na moto ukapita. Wakazi ni Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo, na lugha yao ya pamoja ni hii yetu.

Katika karne ya kumi na tisa njia za misafara ya Kilwa na Lindi zilipita katika nchi hizo kuelekea Nyasa, zikirudi na pembe za ndovu na watumwa, na wengi wa watu hao waliishia katika mashamba ya karafuu ya visiwani. Kisha, mwaka 1905, vita vya Maji Maji vikazuka. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa, na jeshi la Wajerumani likajibu kwa kuchoma vijiji, mazao na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Palipokuwa na mashamba pakarudi pori, na pori likaleta wanyama na mbung'o. Jambo hili tulikumbuke, maana miaka arobaini baadaye watakuja wageni, wataliona pori lile, na watasema kwamba nchi haina mtu. Hawatauliza ni lini ilikoma kuwa na mtu, wala kwa sababu gani.

Kabla ya wageni hao kufika, elimu ya ardhi ya Tanganyika ilikuwa imekwishaanza, nayo ilianzia milimani. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Waingereza waliirithi, na katika miaka ya 1930 alifanya kazi hapo mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Milne alitembea sana, na popote alipotembea alichimba. Akagundua kwamba udongo wa nchi hizi haukutandazwa kama mkeka wa rangi moja. Kilele cha kilima kina udongo wake, aghalabu mwekundu na wenye kupitisha maji. Mteremko una wake, uliopauka, wenye mchanga. Bondeni kuna udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ule ambao wenyeji huuita mbuga. Tena aina hizo hufuatana kwa mpango ule ule kilima baada ya kilima, kwa sababu maji ndiyo yanayoziunganisha: yanayeyusha juu, yanabeba katikati, yanaweka chini. Mwaka 1935 Milne aliupa mpango huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Fikra hiyo imeenea katika vitabu vya elimu ya udongo ulimwenguni, na chimbuko lake ni vilima vya Afrika Mashariki.

Mpenzi wa ushairi hatapata taabu kuielewa. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kila mshororo una kazi yake. Kibwagizo hakisimami pale kilipo kwa bahati, bali kimeandaliwa na yaliyotangulia. Atakayeuchukua mshororo mmoja peke yake na kudai kwamba ameuelewa ubeti mzima, huyo hajausoma. Kadhalika atakayechota udongo kutoka kilele cha kilima na kuuhukumu kwao uwanda wote.

Wengine nao walikuwa wakiisoma nchi ya kusini yenyewe. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya mimea ya Lindi na nyanda zake mnamo mwaka 1934 na 1935. Nyingi ya sampuli zilizopelekwa Berlin ziliteketea mwaka 1943, ghala la mimea la Dahlem lilipopigwa mabomu, lakini nakala zilizokuwa zimepelekwa miji mingine zilisalimika. Clement Gillman naye alikuwa mhandisi mkuu wa reli ya Tanganyika, na kwa miaka mingi aliitembea nchi akiandika juu ya maji, watu na uoto. Mwaka 1945, katika jarida la Tanganyika Notes and Records, alichapisha makala juu ya kilimo cha Wamakonde cha kupumzisha mashamba. Alieleza jinsi mkulima anavyofyeka kichaka, analima kwa miaka michache, kisha anakiachia kichaka kirudi na kuirudishia ardhi nguvu yake. Palipoonekana pori, kumbe ni shamba lililopumzika. Gillman alifariki mwaka 1946, na ramani yake ya uoto wa Tanganyika ikachapishwa mwaka 1949, yeye akiwa kaburini.

Mwaka huo wa 1946 ndipo mambo yalipogeuka. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini Waingereza walikuwa bado wanapimiwa mafuta ya kupikia na sabuni kwa mgao. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walitembea wiki tisa, kwa ndege na kwa gari, na mwezi Septemba ripoti ikawa tayari. Ilipendekeza ekari 3,210,000 zifyekwe, zigawanywe katika mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na 55 kati ya hayo Jimbo la Kusini. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24.

Tuzipime tarakimu hizo kwa kipimo chetu. Unguja na Pemba, tukiziweka pamoja pamoja na miji, miamba na mikoko yake, hazizidi sana ekari 650,000. Eneo lililokusudiwa lilikuwa karibu mara tano ya visiwa vyote viwili, na fungu la kusini peke yake lilikuwa mara mbili na nusu. Lote hilo lilihukumiwa kwa wiki tisa.

Nisieleweke vibaya. Watu wale hawakuwa wajinga, na Wakefield aliijua Tanganyika. Njaa ya mafuta huko kwao ilikuwa ya kweli. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba haraka ya mahitaji inaweza kuwa haraka ya elimu. Shamba la majaribio lingechukua misimu kadhaa, na misimu kadhaa ilionekana kuwa ni anasa. Milne, mtu ambaye pengine angewaambia wachimbe kwanza, alikuwa amefariki mwaka 1942. Maandishi yake yalikuwapo Amani, na makala ya Gillman ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla. Elimu ilikuwako, haikungojwa.

Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mwezi Februari 1947, kwa sababu huko reli ilikuwa karibu. Mwezi Aprili 1948 usimamizi ulihamia kwenye Shirika la Chakula la Ng'ambo, chini ya Waziri wa Chakula John Strachey. Kule kusini hapakuwa na bandari ya maji makuu wala reli, na vyote viwili vilipaswa kujengwa. Vifaa viliteremshwa kwanza Mkwaya, katika hori ya Lindi, na njia ya reli ikasukumwa kuelekea bara hadi mahali palipochaguliwa kuwa makao ya mradi. Hivyo ndivyo mji wa Nachingwea ulivyozaliwa. Bandari mpya ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga zilizokusudiwa kupita hapo zilikuwa zimekwisha kuwa hadithi.

Kufyeka nako kulikuwa kugumu kuliko kulivyokadiriwa. Matrekta mengi yalikuwa yametumika vitani na kununuliwa kwa bei ya masalio, na hata vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta. Kisha ikabuniwa njia ya kuchukua mnyororo mnene wa nanga ya meli, kuufunga baina ya matrekta mawili makubwa, na kuyaendesha sambamba ili mnyororo uiangushe miti yote iliyo katikati. Nasi watu wa bahari tunaujua mnyororo huo kazi yake: ni kukishika chombo kisichukuliwe na maji. Katika mradi ule ulitumika kuing'oa miti, ambayo ndiyo iliyokuwa imeushika udongo usichukuliwe na maji. Mnyororo wa Milne ulikuwa umelala chini ya ardhi, haukuonekana. Huu wa chuma ulipita juu yake, na kwa kila kilima uliopita uliukata ule wa chini.

Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa kung'olewa, na mvua zikakosekana. Nachingwea palikuwa na mvua bora na udongo mwema, na hilo ndilo lililowapa wakubwa matumaini hadi dakika za mwisho. Lakini udongo huo mwema haukutandaa kwa ekari 30,000 za mfululizo. Ardhi iliyofaa ilionekana kuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa, tena imetawanyika, huku kilele, kule mgongo, na baina yake mteremko wa mchanga na bonde la udongo mweusi. Ilikuwa vile vile ambavyo fikra ya mnyororo ingetabiri. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuvunja mradi, na kiasi cha pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Uchunguzi kamili wa udongo wa wilaya za Kongwa na Nachingwea, ulioandikwa na B. Anderson, ulichapishwa mwaka 1957, miaka sita baada ya mradi kuvunjwa. Dawa ilipatikana mgonjwa akiwa amekwisha kuzikwa.

Hata hivyo si kila kitu kilipotea. Wataalamu wa mradi, wakiongozwa na Hugh Bunting, waliacha rekodi za mvua, mbegu na magonjwa ya mimea, na kituo cha utafiti cha Nachingwea kiliendelea kuishi, baadaye kikiwa tawi la taasisi ya Naliendele iliyo karibu na Mtwara. Reli haikuwa na bahati hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Moja ya mashamba yaliyobaki, lililojulikana kwa nambari yake, Farm 17, lilipata kazi ambayo hakuna waziri wa London aliyeiota. Tangu katikati ya miaka ya 1960 lilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na Samora Machel alikuwa kiongozi hapo. Ardhi iliyofyekwa ili kuishibisha dola moja ikawalea vijana walioiangusha nyingine, na mwezi Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Wakati huo huo elimu ya viumbe ya nchi hizo ilibaki nyuma. Wanasayansi wa milima walikuwa na mapenzi na milima mirefu. Mwaka 1985 Jon Lovett aliipa jina la Tao la Mashariki safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, na tangu hapo fedha na wanafunzi walielekea huko, kwa haki, maana utajiri wa Tao hilo ni mkubwa mno. Lakini nyanda za Lindi, kwa ufupi wake, hazikumvutia mpanda milima wala mtalii. Rondo ilifahamika zaidi kwa wafanyabiashara wa mbao, ambao walivuna mivule yake tangu miaka ya mwisho ya ukoloni. Ni kati ya 1989 na 1994 ndipo wanafunzi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa kutoka Uingereza walipoipitia misitu ya pwani mmoja mmoja, wakihesabu miti, ndege, vyura na konokono. Matunda ya kazi hiyo yalikusanywa katika kitabu kikubwa kilichohaririwa na Neil Burgess na G. P. Clarke mwaka 2000.

Miongoni mwa waliotambuliwa katika miaka hiyo ni komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi. Anaishi katika vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania, naye yu hatarini kutoweka. Tunda bovu la mbuyu lina uzito kumzidi, lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba msitu ule haukuanza jana. Mnyama hawezi kuwa wa mahali pamoja tu ila mahali hapo pawe pamedumu kwa maelfu ya miaka.

Nchi ile haikuachwa ipumzike, na kwa hiyo habari hizi si za makumbusho. Chini ya kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, kuna nikeli. Mwaka 2018 leseni ya wawekezaji wa kigeni ilifutwa, wakaishtaki Tanzania mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwezi Julai 2023 wakapewa ushindi wa kiasi cha dola milioni 109 za Marekani. Mwaka 2024 pande mbili zikamaliza kwa mapatano ya dola milioni 90. Huko Ruangwa kuna madini ya grafiti, yanayotakiwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na uchimbaji wake umekwisha kuanza. Mashamba ya ufuta na mikorosho yanaongezeka mwaka hata mwaka. Na mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu walielekezwa katika wilaya za mkoa wa Lindi pamoja na mifugo yao, kwa hoja ambayo sikio la historia linaitambua: kwamba huko nafasi ipo.

Sisemi kwamba nikeli ibaki chini, wala kwamba mkulima wa Ruangwa asiuze ufuta wake. Mtu wa huko anahitaji shule, zahanati na barabara kama anavyohitaji mtu wa mjini. Tofauti ya leo na mwaka 1946 ni kwamba sasa sheria imo upande wa msomaji wa ardhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kuwa na msitu wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za mradi mkubwa zichunguzwe kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Lakini sheria huweza kutimizwa kwa karatasi bila kutimizwa kwa macho. Ripoti ya athari iliyoandikwa kwa wiki chache, na mtu ambaye hajauona msimu wa mvua na wa kiangazi, na hakumuuliza mzee wa Kimwera kwa nini kichaka kile hakilimwi, itakuwa ni ndugu wa ripoti ya Wakefield, hata ikipigwa mihuri kumi.

Kuna swali moja ambalo kila anayekwenda na mpango katika nchi ile anastahili kuulizwa kabla ya kuulizwa habari ya fedha zake: je, umeshuka kutoka kilele hadi bondeni kwa miguu yako, ukachimba njiani, ukasikiliza? Gharama ya kutembea hivyo ni misimu michache. Gharama ya kutotembea imekwisha hesabiwa mara moja, kwa pauni, na fungu lake kubwa halikuandikwa katika kitabu cha hesabu chochote, maana lilikuwa ni miti.